Chora Ukoo Wenu Kabla ya Kulaumiana



Kuna maneno mafupi ambayo huivunja nyumba polepole: "Kwetu hatuna ugonjwa kama huo." Mume huyasema akimtazama mke. Mke huyasema akimjibu mume. Mama mkwe huyasema jikoni kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni. Mtoto amelazwa hospitali, analia mifupa inamuuma, na wazazi wake, badala ya kushikana mikono, wanaanza kuhesabiana koo.

Somo letu la leo linahitaji karatasi moja, penseli na jioni mbili au tatu za utulivu. Tutajifunza kuchora mchoro wa ukoo, yaani picha ya vizazi vitatu inayoonyesha nani alizaliwa na nani, na ni nani aliyekuwa na ugonjwa fulani wa kurithi. Madaktari huutumia mchoro huu kila siku. Wanandoa nao wanaweza kuutumia, na mara nyingi huwaonyesha kwamba yule waliyekuwa wakimtafuta wamlaumu hayupo.

URITHI HUTOKA PANDE MBILI

Ndani ya chembe za mwili wa kila mtu mna maagizo ya namna mwili utakavyokuwa: rangi ya ngozi, aina ya damu, umbo la nywele. Maagizo hayo huitwa jeni. Karibu zote huja mbilimbili, moja kutoka kwa baba na ya pili kutoka kwa mama.

Aliyetufumbulia jambo hili alikuwa mtawa wa Kanisa letu, Gregor Mendel wa shirika la Waagustino, katika mji wa Brno ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Kuanzia mwaka 1856 alipanda njegere, ambazo wengi wetu huziita minji, katika bustani ya monasteri. Alizalisha njegere zenye mbegu za mviringo pamoja na zile zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo kitupu. Ungedhani mikunjo imekwisha kabisa. Lakini kizazi hicho kilipozaa, Mendel alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Mikunjo ilikuwa imejificha kwa wazazi, ikajitokeza tena kwa wajukuu.

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya wasomi wa mji wake mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866. Wachache sana waliyajali. Alifariki mwaka 1884, na ilikuwa mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine walipoyatambua.

Tushike neno moja kutoka bustani ile: kitu kinaweza kukaa ndani ya mtu maisha yake yote bila kuonekana, na bado akampa mtoto wake. Mtu wa namna hiyo tunamwita mbebaji. Si mgonjwa, na kwa kawaida hajui.

JINSI YA KUCHORA

1. Mwanamume ni mraba. Mwanamke ni duara.

2. Mume na mke huunganishwa kwa mstari wa kulala. Kutoka katikati ya mstari huo, shusha mstari wa kusimama hadi kwa watoto wao. Watoto hupangwa safu moja, kifungua mimba kushoto na kitinda mimba kulia.

3. Kila kizazi kina safu yake. Babu na nyanya wako juu kabisa, safu ya I. Nyinyi pamoja na kaka na dada zenu ni safu ya II. Watoto wenu ni safu ya III.

4. Aliye na ugonjwa mnaoufuatilia, jaza umbo lake lote kwa penseli. Mbebaji aliyejulikana, jaza nusu. Wengine waache weupe.

5. Aliyefariki, pitisha mkato wa mshazari juu ya umbo lake. Kando yake andika umri na dalili mlizoambiwa.

6. Mume na mke walio wa damu moja, kama mabinamu, huunganishwa kwa mistari miwili iliyolala pamoja.

Chora upande wa mume kushoto na upande wa mke kulia, katika karatasi ile ile moja. Msichore karatasi mbili halafu mkazilinganisha, maana hayo yatakuwa mashindano.

Hapa jihadharini na mtego ulio katika desturi zetu. Kwetu ndugu wa baba ni baba, dada ya mama ni mama, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kabisa. Hayo ni mema na yasiachwe. Lakini mchoro huu unauliza swali moja tu: huyu alitoka tumbo gani, na kwa baba yupi? Kama babu alikuwa na wake wawili, mraba wake uunganishwe na maduara mawili, na kila mtoto awekwe chini ya mama yake mzazi. Kama nyanya alifiwa, akarithiwa na shemeji yake, watoto wa ndugu hao wawili watenganishwe. Mtoto wa kulea ana nafasi yake kamili mezani na katika mapenzi yenu. Umbo lake liwekwe ndani ya mabano, ili ikumbukwe kwamba damu yake ina mchoro wake mwingine.

KUULIZA WAZEE

Majina mtayapata upesi. Magonjwa ni magumu zaidi, kwa sababu wazee wetu waliyaita kwa majina mengine, au hawakuyataja. Mtoto aliyekufa kwa upungufu wa damu huenda alisemekana amelogwa, au ana malaria isiyosikia dawa.

Kwa hiyo msiulize, "Katika ukoo wetu kuna ugonjwa gani?" Mzee atasema hakuna, na atakuwa amekasirika. Ulizeni kwa upole: "Nyanya, ulizaa watoto wangapi? Wale waliotutoka, walikuwa wakiugua vipi? Macho yalikuwa manjano? Vidole vilivimba? Walilia miguu usiku?" Kila mmoja aende kwa watu wake. Mke asimhoji mkwe, wala mume asimhoji mama wa mkewe. Na usimuulize mzee mbele ya watu. Unamrudisha kwenye makaburi madogo ambayo huenda hajayataja kwa miaka arobaini. Mwachie nafasi ya kunyamaza, hata kulia.

Huenda pia mkaambiwa siri, kwa mfano kwamba fulani si mtoto wa yule anayemwita baba. Siri hiyo si yenu kuitangaza. Mchoro ni wa nyumba yenu na wa daktari wenu. Usibandikwe ukutani, usipelekwe kwenye mkutano wa ukoo.

MFANO: SELIMUNDU

Sasa tusome mchoro mmoja wa kutunga. Tuseme mume ni mtu wa Busia na mke ni mtu wa Kilifi. Wana watoto wanne: msichana, mvulana, msichana, mvulana. Mtoto wa pili ana selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Watoto wengine hawaugui. Upande wa mume, ndugu zake wawili walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Upande wa mke hakuna anayekumbuka lolote.

Hospitali huandika damu ya kawaida kwa herufi AA. Mbebaji ni AS. Mgonjwa wa selimundu ya kawaida ni SS.

Tuanze na mtoto wa pili. Yeye ni SS, na S mbili haziwezi kutoka kwa mzazi mmoja. Moja ilitoka kwa baba, moja kwa mama. Basi papo hapo jazeni nusu ya mraba wa mume na nusu ya duara la mke. Wote wawili ni AS. Mke aliyesema "kwetu hakuna" alisema alichokijua, lakini mtoto mwenyewe amekwisha kuonyesha kwamba kwao ipo. Na mume ambaye kwao kulikuwa na vifo hawezi kubebeshwa mzigo wote, kwa maana S yake peke yake isingemfanya mtoto awe SS.

Pandeni juu sasa. Kila mmoja wenu aliipata S kwa mzazi wake. Kwa hiyo kati ya wazazi wa mume, angalau mmoja alikuwa nayo, na kati ya wazazi wa mke vivyo hivyo.

Tazameni pembeni. Kaka na dada zenu nao huenda ni wabebaji. Kama mzazi mmoja ni AS na mwenzake ni AA, kila mtoto wao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa AS. Hapo mchoro unageuka kuwa tendo la upendo: shemeji mdogo anayejiandaa kuoa anaweza kuambiwa akapime.

Shukeni kwa watoto watatu wasiougua. Wazazi wawili wa AS wanaweza kumpa mtoto A na A, A na S, S na A, au S na S. Nafasi hizo nne ni sawa. Tukiiondoa ya mgonjwa, zinabaki tatu, na mbili kati yake ni za ubebaji. Basi kila mmoja wa watoto hao watatu ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Wapimwe, na waelezwe wakiwa wakubwa kabla ya kuanza uchumba.

Wazazi wengi hukosea katika hesabu ya "moja kati ya nne". Hudhani kwamba wakishapata mtoto mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Chukueni sarafu mbili, ya baba na ya mama. Upande mmoja wa kila sarafu uiteni A, wa pili uiteni S. Zirusheni mara kumi muandike yanayotoka. Mtaona S na S ikija mara mbili mfululizo, au isije kabisa. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Kila mimba ni kurusha upya: robo ya nafasi ni mgonjwa, nusu ni mbebaji, robo ni AA.

KWA NINI IKO KWETU?

Wengine husema ni laana. Jibu lilipatikana hapa hapa Kenya. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia nchini humu, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Karibu na Ziwa Viktoria na pwani, katika baadhi ya jamii, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Katika nyanda za juu walikuwa chini ya mmoja katika 100. Aliona kwamba ramani hiyo inafanana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali.

Maana yake ni kwamba ile S moja iliwasaidia mababu wengi kuvuka utoto salama wakati watoto wenzao walikuwa wakifa kwa homa. Ni urithi uliowalinda mababu, lakini ukikutana na mwenzake ndani ya mtoto mmoja humuumiza. Na siku hizi watu wa ziwa, wa pwani na wa milimani wanaoana na kuhama, kwa hiyo asiseme mtu kwamba kabila lake limemkinga.

MTOTO MWENYE UALBINO

Mchoro huu umewahi kuhitajika pia kwa machozi ya aina nyingine. Mke hujifungua mtoto mwenye ngozi nyeupe na nywele za manjano, na mume huondoka akisema, "Huyu si wangu." Ualbino hurithiwa kwa njia ile ile ya mikunjo ya njegere. Mtoto hupata jeni moja iliyojificha kwa mama na ya pili iliyojificha kwa baba. Kwa hiyo rangi ya mtoto huyo haithibitishi kamwe kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Badala ya kumkana, baba huyo alipaswa kukumbuka kwamba bila jeni yake mwenyewe mtoto asingekuwa hivyo.

Katika nyumba kama hizo mchoro mara nyingi huwa mweupe vizazi vyote vya juu. Basi kumbukeni: karatasi isiyo na alama si cheti cha damu. Jeni iliyojificha inaweza kupita kwa watu wengi bila kukutana na mwenzake. Mchoro hutuambia wapi pa kutazama. Kipimo ndicho hutoa jibu.

Si kila kitu hufuata njia hii. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, mara nyingi hupitia kwa mama asiyeugua na kumpata mtoto wa kiume. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji. Mwanawe Leopold aliugua, na kupitia binti yake Alice ugonjwa ulifika hadi kwa Alexei, mrithi wa ufalme wa Urusi. Shinikizo la damu na kisukari navyo huandama familia, lakini hapo chakula na mwenendo wa maisha vina sehemu kubwa pamoja na damu.

MCHORO NA MABINAMU

Wanaotayarisha vijana wao kwa ndoa wataona faida nyingine. Kanisa, katika kanuni ya 1091, halikubali ndoa kati ya watu wa damu moja katika mstari wa pembeni hadi daraja la nne. Hesabuni kwenye mchoro: kutoka kwa kijana mpande hadi kwa mzazi wake, moja, hadi kwa babu, mbili, mshuke kwa ndugu wa mzazi, tatu, kwa binamu, nne. Mabinamu wa kwanza wamo, na hawawezi kuoana bila ruhusa maalumu. Kwa upande wa urithi, mabinamu hao hushiriki kwa wastani sehemu moja kati ya nane ya jeni zao, kwa hiyo ni rahisi zaidi jeni moja iliyojificha kukutana na mwenzake.

BAADA YA KUCHORA

Pelekeni karatasi yenu hospitali. Kwa selimundu, ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kiitwacho elektroforesisi. Kuna kipimo cha haraka ambacho huonyesha tu kwamba damu inajipinda. Hicho hakimtenganishi mbebaji na mgonjwa, na kimewahi kuwatia watu hofu bure. Andikeni jibu, AA, AS au SS, ndani ya mchoro.

Wachumba wajipime mapema, kabla hata ya posa. Kuwa AS wote wawili si kizuizi cha ndoa kanisani. Lakini kila mmoja ana haki ya kujua kabla hajaweka ahadi, na asiwepo wa kuwalazimisha, ama kuachana ama kuendelea.

Wenye mtoto wa SS wasikate tamaa. Dalili kwa kawaida huanza baada ya miezi sita ya kwanza, kwa hiyo kumpima mapema kunasaidia sana. Mtoto hupewa foliki kila siku, penisilini katika miaka yake ya kwanza, chanjo zote na kinga ya malaria. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Ikiwa ana homa, hiyo ni safari ya hospitali siku ile ile, si ya kungoja asubuhi. Muulizeni daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ambayo hupunguza maumivu na kulazwa mara kwa mara. Mfundisheni baba kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto sawa na mama, maana ukivimba ghafla ni hatari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu anayeumbuliwa ni mtoto.

NENO LA MWISHO

Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi. Kisha akamhudumia. Nyumba iliyo na mtoto mgonjwa haina budi kuufuata mpango huo: kwanza kuondoa lawama, halafu kuhudumu. Atakayekuja kwenu na yale maneno ya "kwetu hakuna", mwonyesheni ile nusu ya mraba na ile nusu ya duara, zilizounganishwa na mstari mmoja wa ndoa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni jina gani katika ukoo wako ambalo hulijui sababu ya kifo chake? Ni mzee gani anayeweza kukueleza?

2. Je, kuna neno uliwahi kulisema kuhusu ukoo wa mwenzako ambalo leo ungelifuta?

3. Nani kati ya kaka na dada zenu anakaribia kuoa au kuolewa? Mtamwambia lini akapime, na nani kati yenu atamwambia?

Mungu azibariki nyumba zenu.